Ithibati

Posta ilipofungwa nilikuwa na miaka arobaini na tisa,
vidole bado vinanuka gundi ya stempu.
Nikajiambia: majina ya watu nayajua,
nimeyagonga muhuri miaka ishirini na sita.
Nikalipa ada ya mtihani kwa kiinua mgongo.
Emrys, mume wangu, akauliza taratibu, kama kawaida yake:
"Kuna mtu atakulipa umtafutie wafu?"

Yupo. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno kule Patagonia,
alitaka vizazi vinne, na risiti.

Huku kwetu Wales bonde zima lina majina saba.
Ifan *ap* Huw, Huw *ap* Ifan
(hiyo *ap* ndiyo bin yetu),
hadi karani mmoja akachoka kuuliza
akawaandika wote Jones.
Kumtafuta mmoja wao
ni kuokota punje yako ya mchele
kwenye gunia la jirani.

Kazi yenyewe haina tarumbeta.
Ni chumba cha baridi Aberystwyth, na penseli,
maana wino umepigwa marufuku,
na mwandiko wa kasisi aliyekunywa kabla ya ubatizo,
na kuandika pembeni: sijui.
Sijui mbili, tatu, kwa siku.
Hilo ndilo wanalokupima kwanza,
kama waweza kuandika sijui
mkono usitetemeke.

Mtihani ulidai kesi tatu.
Mbili nilizipata kwa wateja.
Ya tatu nikaichukua nyumbani, nikaiona nyepesi:
Ifan Huws, babu wa babu yangu,
mpasua mawe, yule wa kwenye picha juu ya meko,
aliyesimama nje ya geti la machimbo mgomo mzima,
wanawe wakila maganda ya viazi,
asirudi.
Kwetu jina lake huliwa na mkate.

Watahini wakairudisha.
Mstari mmoja, wino wa kijani:
"Huyu alitia msalaba kwenye cheti cha ndoa.
Miaka miwili kabla, katika daftari la chama,
ana saini safi. Alisahau kuandika?"

Wiki mbili sikumjibu mtu.
Nilishika daftari la mishahara, kitabu cha kanisa,
orodha ya wapangaji.
Walikuwa wawili.
Mtaa mmoja, umri mmoja, pengine kinyozi mmoja.
Mwenye saini aligoma hadi mwisho
akafa na vumbi kifuani, hana mke.
Mwenye msalaba alirudi kazini wiki ya kumi na moja,
siku ya Jumatatu, mvua ikinyesha,
na mshahara wake umeandikwa, haukufutika.
Huyo ndiye aliyetuzaa.

Mkataa kwao ni mtumwa, sawa.
Na anayejipachika pasipo kwao, tumwiteje?
Ningeweza kuiondoa kesi, nikachukua ya daktari wa meno.
Picha haisemi. Watahini wako Cardiff, hawatakuja kula kwetu.
Niliwaza hivyo hadi chai ikapoa.
Kisha nikaandika upya, kurasa kumi na nne.

Mama nilimwambia Jumapili, jikoni.
Ana miaka themanini na minne, alikuwa akimenya viazi.
Akamaliza kimoja. Akamaliza cha pili.
"Na yule mwingine, aliacha mtoto?"
"Hakuacha."
"Basi abaki ukutani.
Nani mwingine atamfuta vumbi?"

Ithibati ilifika Machi, imekunjwa katikati;
kijana wa barua aliikunja ipite kwenye tundu la mlango.
Mimi nisingeikunja.
Emrys ameinyoosha chini ya kamusi mbili.

Leo kuna bwana mmoja, anatoka Swansea,
ana hakika ukoo wake una mwana wa mfalme,
anataka tu nimwekee karatasi.
Nimempelekea bei yangu kwa saa,
na chini yake, kwa herufi za kawaida:
bei ni ya kutafuta,
si ya kupata.