Shikilia

Bi Kavata Nzioka, miaka hamsini na tisa,
mshonaji wa magodoro, Barabara ya Lunga Lunga,
aliingia chumba namba nne na leso mbili:
moja ya kujifunika miguu,
nyingine ya kukoholea.

"Picha nilishapigwa," alisema. "Tatu. Zimo kwenye bahasha."
Ndiyo, mama. Zile zilionyesha nyumba.
Leo tunatafuta nani anaishi ndani,
hewa huingia vyumba gani,
na vipi imeacha kubisha hodi.

Nikamweleza moshi wa kuvuta:
haunuki, hauwashi, una chembe za mwanga
zinazojifia zenyewe. Sasa ni saa saba mchana;
ikifika saa moja usiku, ukiwa jikoni,
nusu yake itakuwa imezimika.
"Moshi tena!" Akacheka,
kicheko kikageuka kikohozi,
tukakingoja kiishe
kama watu waliojibanza barazani mvua ipungue.

Vuta. Vuta zaidi. Shikilia.

Macho yangu yalikuwa kwenye namba.
Zilipanda kwa uvivu, maji ya mfereji
siku ya mgao. Nikangoja zifike panapotakiwa,
nikangoja,
na katika kungoja nikasahau neno moja.

Nilipogeuka alikuwa bado ameshikilia,
mishipa ya shingo imesimama,
kidole kimoja juu, mwanafunzi
anayeomba ruhusa ya kutoka.

Achilia, mama! Achilia!

Ilimchukua muda kupata sauti.
"Si wewe ulisema nishike?"

Kwenye kioo pafu la kulia lilitanda
kama unga uliochekechwa juu ya sinia.
La kushoto, chini, hamna kitu:
giza la ukubwa wa kiganja.
Nikamdunga sindano, nikapiga ya pili, ya damu.
Damu ilikuwa ikipita pale, kidogo,
mpangaji aliyefukuzwa
anayerudi mtaani kuulizia barua zake.

Asilimia ataziandika daktari.
Mimi niliandika saa, kipimo, sahihi.
Fomu haina kisanduku
cha sekunde zile, wala cha nani alizisahau.

Nikamsomea sharti la mwisho:
usimpakate mtoto mdogo hadi kesho.

Alikunja leso ya miguu, akakunja ile nyingine.
"Ana mwaka na nusu," alisema.
"Na akinijia mwenyewe?"