Muuza Barafu Achagua Mji

Miaka kumi na minane nimeuza baridi kwa kilo.
Naijua. Naijua kwa vidole,
kwa ukucha wa gumba uliokufa ukakataa kuota,
kwa mlio wa msumeno ukila pande la barafu
saa kumi alfajiri, Malindi bado imelala,
na Kithi akipakia mkokoteni:
gunia chini, pumba za mbao, gunia juu.

Sasa Mwanatumu amepata kazi ya uuguzi
kaskazini ya Uswidi, na barua imefika:
miji mitatu, midogo yote, chagueni mmoja.
Chagueni! Kama nyanya.

Tukaitandaza miji juu ya jamvi, kwetu Shella,
umeme umekatika,
picha tulizochapisha kwa shilingi ishirini ishirini,
koroboi imeukalia wa pili usipeperuke.
Wa kwanza una watu mia tisa.
Mia tisa! Harusi ya binamu yangu kule Barani
ilizidi hao, na pilau ikabaki.
Wa pili jina lake lina herufi yenye nukta mbili utosini.
Tima akainama: "Baba, herufi hii ina macho,
inatuangalia."
Wa tatu hauna la kusemwa. Duka. Shule.
Basi mara mbili kwa siku.

Mwanatumu anauliza ya mwenye akili:
zahanati iko umbali gani, kodi ni ngapi,
zamu ya usiku mtoto atalala na nani.
Mimi nauliza ya kwangu:
Ramadhani ikiangukia Juni na jua likakataa kuzama,
tutafuturu kwa adhana ya nani?
Na mtu kama mimi, pale baridi inaposhuka bure,
si nitakuwa nimepeleka mchanga kuuza Mambrui?
Mama mkwe, ambaye hakuulizwa kitu,
akaweka kikombe chini.
"Na ardhi ikiganda, kaburi wanachimbaje?"

Nikawakumbuka kolekole ninaowafunika,
wiki nzima, macho yao wazi.
Nikanyamaza.

Halafu wanasema si barafu hata.
Ni theluji, neno nililopewa darasa la nne
nikalikunja, nikaliweka kabatini,
halijavaliwa mpaka leo.

Nikaisogeza picha ya mji wa tatu karibu na moto.
Nyumba mbili, ya manjano na nyekundu,
weupe umefika madirishani.
Kutoka mlango wa manjano mtu amechimba njia,
imenyooka, kuta zake zimekatwa vizuri,
najua mkato mzuri nikiuona.
Lakini njia haikuishia barabarani.
Imepinda kwenye uzio, ikaendelea
hadi mlango wa nyumba nyekundu,
ambao mbele yake hapakuwa na unyayo hata mmoja.
Mtu alimaliza kwake
na hakuweka sepetu chini.

"Huu," nikasema.
"Zahanati yake iko kilomita arobaini."
"Huu."
"Pengine picha ni ya zamani," akasema Mwanatumu.
"Pengine mwenye sepetu alikufa. Pengine alilipwa."
Kisha akaichukua, akaigeuza nyuma
kama kuna kitu kingeandikwa huko,
akairudisha jamvini, mbali kidogo na nyingine.

Alfajiri nikashuka kiwandani kama kawaida.
Mapande matatu kwa muuza juisi wa Ngala,
sita kwa wanawake wa samaki, ambao hulia bei
hata kabla ya salamu.
Mkokoteni ukadondosha maji njia nzima,
mstari mwembamba mchangani
uliokuwa ukikauka nyuma yangu
kabla sijapinda kona.
"Mmechagua?" Kithi akauliza.
"Anahesabu kilomita."
Tukasukuma.
"Kithi, wewe umewahi kufanya mjengo.
Sepetu hushikwaje?"
Akacheka mpaka gurudumu likaingia shimoni.
"Mkono mmoja chini," akasema, "karibu na chuma.
Na usitupe upande wa jirani."