Miguu ya Nyuma

Mókolla ndiye aliyeanza kuchelewa.
Septemba, kundi likiteremka kutoka nyanda za juu,
alikuwa nyuma hatua kumi, kisha ishirini,
ukwato wa nyuma wa kulia ukikunjika
kama mguu wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.
Hakuwa na homa. Alikula. Alinitambua.
Mdomo tu ulimtetemeka, kidogo,
kama anayetafuta jina na kulikosa.

Baba yangu, Sumarliði, mtu wa maneno haba,
alimpapasa kiuno, akasema, "Baridi."
Kufika Desemba hakusema baridi tena.

Katika lugha yetu ya Aisilandi tuliuita visna: kunyauka.
Lakini jani hunyauka kwa kiu,
na huyu alikuwa na nyasi kavu hadi darini,
na maji, na jiwe la chumvi,
na mimi.

Daktari wa mifugo, Brynleifur, alikuja na mbao miguuni
akiteleza juu ya theluji.
Alimpasua juu ya mlango tuliouchopoa bawabani.
Nilishika taa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Akanionyesha uti wa mgongo, mweupe kama siagi ya kondoo,
na ndani ya weupe ule mabaka ya kijivu,
madogo, kama mahali panya alipoonja akaondoka.

"Neva hazijakatika," alisema. "Zimevuliwa nguo."

Sikuelewa. Akatazama huku na huku,
akaliona bomba letu la maji ukutani,
ambalo mama alilizungushia sufu, mkunjo juu ya mkunjo,
maji yasigande.
"Kama hilo. Bomba ni zima, sufu imeliwa.
Chemchemi inatoa maji vizuri tu.
Hayafiki."

Nani aliyekula sufu?

Alifuta kisu, akakifuta tena kikiwa safi.
Kuna kitu, alisema, kidogo hata hupenya chujio la kaure.
Huingia kwa pumzi, zizini, kondoo wakibanana,
kikajificha ndani ya walinzi wenyewe wa damu,
kikalala humo miaka miwili, mitatu,
mnyama akizaa, akinyonyesha, akishinda zawadi kwenye maonyesho.
Siku walinzi wanapozinduka kumsaka mwizi
wanabomoa nyumba.
Mwizi huharibu kidogo. Msako huharibu zaidi.
Labda, akasema. Sijui.
Mara nne usiku ule alisema sijui,
na ndiyo sababu nilimwamini.

(Siku hizi vitabu huiita ile sufu mayelini,
na kile kitu, kirusi.
Majina mazuri. Hayarudishi kitu.)

Kililetwa kwa meli, pamoja na madume wenye manyoya ya thamani
walionunuliwa mbali ili tutajirike.
Waliwekwa karantini miezi miwili.
Miezi miwili!
Kwa kitu kinachohesabu kwa miaka.

Amri ikaja kwa barua: kundi zima, wagonjwa na wasioumwa.
Mia moja arobaini na watatu.
Baba aliwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, langoni,
hadi alipofika kwa binti wa Mókolla,
akasema, "Huyu pia,"
na kutoka hapo wote waliobaki wakaitwa Huyu Pia.

Majira yale ya baridi zizi lilinuka maji ya chokaa.
Mama aliongeza sufu kwenye bomba
ingawa hapakuwa na wa kunyweshwa.

Mwaka wa pili lori likaleta wana-kondoo
kutoka fiodi za magharibi, ambako ugonjwa haukufika.
Majirani walisifu manyoya. Walisifu macho.
Baba alilala kifudifudi kwenye changarawe,
mtu mzima, shavu chini, kofia pembeni,
akitazama miguu ya nyuma ikishuka ubao,
na kila ukwato uliotua bapa
aliuhesabu kwa sauti.

Nikalala kando yake, nikahesabu naye.
Mpaka leo, nikishuka ngazi,
nahesabu.