Sikio la Kufa

Bradford, Februari, chini ya ardhi.
Kabla ya kumgusa najifuta mimi:
glavu juu ya glavu, barakoa, kofia,
benchi nimeliosha kwa jiki,
taa ya zambarau imelichoma usiku kucha.

Kwenye sahani, kipande cha mfupa,
pale fuvuni ambapo sikio hujificha,
kigumu kuliko jino, kidogo kuliko kokwa ya tende.
Aliibuka kando ya mto Aire, walipochimba msingi wa duka la mazulia.
Jina hana. Ana namba: kumi na saba.

Mara nane tumemuuliza.
Mara ya tatu walijibu bakteria wa udongo.
Mara ya sita nilipiga kelele za furaha,
hadi Harjinder akageuza kioo cha kompyuta:
"Huyu ni wewe."
Kweli nilikuwa mimi. Chembe ya mate, sijui pumzi:
Mwanakheri wa Tanga,
kazikwa Yorkshire miaka mia nane kabla hajazaliwa.

Sikio la kufa halisikii dawa, nilimwambia Dokta Hesketh,
nikamfasiria. Hakucheka.
"Basi tuichunguze dawa," alisema.

Tukaipunguzia keekee mwendo,
maana joto lake lilikuwa likiunguza tulichokitafuta.
Zungusha, pumzika. Zungusha.
Unga tukachukua kiasi cha chumvi ya yai moja,
tukauosha kwa jiki robo saa, mimi nikihesabu, tumbo limenikaza,
kama anayemsugua mtoto mchanga kwa jivu,
kwa kuwa sisi tumemganda juu, yeye kajishika ndani.
Kisha dawa usiku kucha, nyuzi thelathini na saba:
joto lake mwenyewe, alipokuwa nalo.

Na lile chekeche la zamani! Lilidaka vipande virefu,
vifupi vikaenda na maji sinkini.
Kumbe yeye ni vifupi tu, herufi thelathini, arobaini.
Miaka miwili tumemmwaga.
Tukabadili chumvi; vifupi vikang'ang'ania mchanga wa kioo.

Pembeni daima kichupa kisicho na mfupa,
kinapitia kila hatua kama mwenzake.
Huyo ndiye shahidi. Tunamwomba anyamaze.

Jumanne alinyamaza.
Kumi na saba akasema. Asilimia nne, basi,
maneno yamekatika, ncha zimefumuka kama mkeka wa kurithi,
na kufumuka huko ndiko kulikotuapia kuwa ni wa kale.
Msichana. Hilo tu ndilo tulilolipata kwa hakika.

Harjinder akaandika. Mimi nikavua glavu,
jozi ya kwanza, jozi ya pili.
Kituoni upepo ulikata kama wembe;
nikavuta kofia, nikafunika masikio yote mawili,
basi likanipita, sikulisikia.