Kisima Namba Kumi na Nne

Kiko nyuma ya kanisa la Walutheri, kwenye maegesho,
kifuniko cha chuma kisichozidi sahani ya kulia.
Watu wa Corvale huegesha magari juu yake kila Jumapili
bila kujua wameziba mdomo wa shahidi.

Nafika Jumanne, theluji ingali ngumu,
nachuchumaa, nafungua bolti tatu (ya nne ilipotea kabla yangu),
nashusha mpira hadi mita ishirini na mbili,
na pampu inaanza kupumua
kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa.

Maji yanapanda. Maangavu.
Hilo ndilo lililowaponza watu: maangavu.
Yangekuwa meusi, yangenuka,
mtu angepiga kelele mwaka ule ule.
Lakini yalikuja na utamu mdogo, mdogo sana, nyuma ya ulimi,
na Opal Verhage akayachemshia chai miaka kumi na tisa,
akijigamba kwa wageni: onjeni, haya ni ya kisima.

Kiwanda kilikuwa cha bawaba.
Nusu ya milango ya Michigan, wazee hapa hujisifu,
ilining'inia kwa kazi ya mikono yao.
Bawaba hutoka mashineni na mafuta mwilini,
mafuta huoshwa kwa dawa, dawa ikichoka
hutiwa kwenye pipa, na pipa likijaa
hapo Delbert Kowalke hunyamaza.
Ana miaka themanini na minane. Kidole chake bado kinaijua njia.
Alinionyesha: pale, kando ya uzio, kila Ijumaa.
"Nyasi zilikufa duara moja. Msimamizi akasema jua litakausha."
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jua halikukausha.
Dawa ile ni nzito kuliko maji, haielei.
Ilizama, ikapita mchanga, ikapita changarawe,
ikafika kwenye udongo wa mfinyanzi, ikajilaza,
na tangu hapo inatoa siri yake kidogo kidogo,
mtaa kwa mtaa,
chini ya shule, chini ya duka la mikate,
chini ya vitanda vya watu
ambao Ijumaa zile hawakuwa wamezaliwa.

Kwetu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Hapa ndiyo kazi yangu, kuyazoa.
Kwetu husema fulani anatwanga maji kinuni.
Njoo ukione kinu: mnara wa bati kando ya reli,
maji yanaporomoka ndani, upepo unasukumwa kutoka chini,
usiku na mchana, tangu kabla sijajua kusoma.
Sumu inapeperuka, inanaswa kwenye mkaa,
na mkaa ukishiba unapakiwa lori, unapelekwa
mahali ambapo pia pana watu.
Sijauliza jina la mji huo.

Mkutano wa Oktoba, ukumbi wa zimamoto.
Wakili wa kampuni alikuja na grafu ya rangi.
Mstari unashuka, akasema, mnaona unavyoshuka.
Ni kweli: elfu nne, mia tisa, mia mbili, sitini na moja.
Sheria inataka tano.
Sitini na moja imekaa pale miaka sita
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.
Akaomba mnara uzimwe, Asili imalizie yenyewe.

Opal akasimama, fimbo mkononi.
"Huyu Asili," akasema, "namba yake ya simu ni ipi?
Maji yakibadilika ladha saa nane za usiku
nataka kujua nampigia nani."
Kicheko kilianzia nyuma, kikafika mbele kikiwa kitu kingine.
Wakili akapanga karatasi zake. Akazipanga tena.

Mnara haujazimwa. Bado.
Najaza chupa ndogo hadi maji yavimbe mdomoni,
nafunga, napindua, nagonga kwa ukucha.
Pasiwe na kiputo hata kimoja:
penye hewa, ushahidi hutoroka.
Hii inacho kimoja, kama jicho la dagaa.
Naimwaga —
la, siimwagi. Hapa hapamwagwi kitu tena.
Natia kwenye ndoo yenye lebo,
napuliza vidole vyangu,
naanza upya.