Karatasi ya Manjano

Siku ya kwanza sikujua nikae wapi.
Ukumbi wa parokia, Kadutu, viti vya plastiki,
na kila kiti kilikuwa na mkoba wa mtu
au kicheko cha watu wanaojuana toka zamani.
Nikakaa karibu na ndoo ya kunawia mikono.
Viatu vya dada yangu vilinibana,
tope la Bagira limekauka kwenye visigino,
nikaificha miguu chini ya kiti.

Bwana Birindwa alikuja na kompyuta na sauti ya redio.
"Karibuni, wapendwa! Tuamshe mwili!"
Tukasimama, walimu hamsini na wawili,
tukapiga makofi ya mvua: kidole kimoja, viwili, vitatu,
mpaka ikanyesha.
Na nje, kweli, ilikuwa inanyesha,
mabati yakatushinda kelele.

Kisha akagawa karatasi za manjano.
"Andikeni matarajio yenu."
Niliandika haraka, kabla aibu haijafika:
Nifanye nini watoto wakinicheka?
Nikaisoma. Nikaifinyanga. Nikaiangusha.
Nikaomba nyingine, nikaandika kwa mwandiko mzuri:
Kuboresha mbinu za ufundishaji.
Ikabandikwa ukutani pamoja na arobaini nyingine
zilizosema hivyohivyo.

Siku ya pili, malengo.
Lengo la jumla, lengo mahususi,
kitenzi kiwe cha kupimika,
usiandike "kuelewa", kuelewa hakupimiki.
Nikaandika: kuelewa hakupimiki.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.
Saa nne na nusu umeme ukakatika,
ukuta ukameza mchoro wake wa mishale,
na Bwana Birindwa akabaki anabonyeza, anabonyeza,
mtu mzima aliyepotewa na somo.
Hapo ndipo nilipompenda kidogo.

Mama Nsimire, mwenye miaka thelathini ya chaki,
hakuacha kufuma.
Sweta la mjukuu lilikuwa limefika kwapani.
Mafunzo ya mwaka jana, aliniambia, yalimpa soksi tu.

Mchana: wali, maharage, sambaza sita kwa sahani.
Nilizihesabu, ndiyo.
Miezi mitano bila namba ya mshahara
humfundisha mtu kuhesabu.
Kwenye foleni walinifariji kwa zamu:
mimi mwaka wa tatu nangoja, mimi wa saba.
Namba ikikwama Kinshasa, mwanangu,
wazazi ndio serikali yako.

Siku ya tatu wao wakawa wanafunzi, mimi mwalimu.
Wanaume wenye mvi wakaanza kurushiana vifuniko vya kalamu.
Direkta mzima wa shule akaomba ruhusa ya kwenda kukojoa.
Chaki ikavunjika.
"Leo tutajifunza," nikasema,
na sentensi ikabaki mlangoni, haikuingia.
Wakacheka. Lo, walicheka!
Mama Nsimire peke yake alikuwa anahesabu mishono.

Jioni tulitia sahihi mahali patatu.
Nauli ilipungua kwa sababu ambayo hakuna aliyeisoma.
Cheti kikaniita Ntakwija,
herufi moja imebaki kwa mchapaji.
Mama Nsimire akaukunja uzi wake,
akanipa mkono, na mkononi akaniachia kitu:
karatasi ya manjano, imenyooshwa kwa kiganja.
Nyuma yake, kwa herufi nono za darasa la kwanza:
Cheka nao. Halafu geuka, andika tarehe.

Jumatatu, Bagira.
Watoto sabini na mmoja, madawati kumi na tisa.
"Leo tutajifunza," nikasema,
na huko nyuma Mugisho akalia kama mbuzi.
Darasa likalipuka.
Nikacheka, kwanza kwa adabu,
kisha kweli, maana mbuzi alikuwa mzuri.
Nikageuka.
Mgongo wangu uliwaogopa.
Nikaandika tarehe polepole,
mwezi kwa herufi, si kwa tarakimu, ili irefuke,
na nilipofika kwenye mwaka
nikasikia daftari moja likifunguliwa,
kisha jingine.

Mugisho hakuwa na kalamu.
Nikampa ile ya mafunzo,
yenye nembo, isiyoandika vizuri.