Sailensa

Tangu Mpunguzi ilikuwa imeanza ukaidi:
mimi naachia mafuta, yenyewe haiachii.
Nimeondoa mguu kabisa, kisigino kiko sakafuni,
na bado Stauti ya baba inakwenda
kama mbuzi aliyeona kijani cha jirani.
Kwenye tuta la shule nikazima swichi,
tukalivuka kimya, mimi na kreti ishirini za zabibu
zilizokwisha anza kunukia siki.

Kuiwasha tena ni hadithi nyingine.
Inapaa, inanguruma, inashuka,
inakohoa, inataka kufa,
inaghairi.

Fundi Chipanha wa Chang'ombe hana pupa na mgonjwa.
Hakushika spana. Aliniomba nizime redio,
akainamisha sikio juu ya injini
kama mtu anayesikiliza chungu cha makande.
"Sailensa haikai," akasema.
Nikamjibu hilo nalijua, ndilo lililonileta.
"Unajua haikai. Hujui inakwenda wapi."

Yoeli, kijana wake, alikwisha leta bisibisi,
akaze skrubu, ipande, nilipe, niondoke.
"Acha. Anayelia njaa
humshibishi kwa kumwongezea sauti."

Kwanza waya. Akauvuta kwa vidole viwili,
ukaja kwa kusitasita, kwa mikwaruzo:
vumbi la Agosti limejaa ndani ya ala yake,
lile la huku, linaloingia hata kwenye chumvi,
na nyuzi tatu zimekatika, zimejikunja,
zinang'ang'ania kama miba ya mgunga.
"Hii ndiyo inayokukimbiza.
Ile ya kutapatapa ni mwingine."

Akagonga chujio la hewa kwenye tairi,
ikatoka nusu ya Bahi.
Akasugua kipepeo cha kabureta kwa petroli na mswaki
mpaka kikafunga chenyewe, tk,
kama kifuniko cha saa ya mfukoni.

Tukawasha. Bado.
Inapaa, inashuka.

Akachovya kitambaa majini,
akakamua tone, tone, kwenye maungio chini ya kabureta.
Kulia, si kitu. Mbele, si kitu.
Nyuma, injini ikameza, ikashtuka,
ikatulia kitambo kama mtoto aliyepewa titi,
kisha ikaanza tena.
"Inavuta hewa ya wizi," akasema Chipanha,
na hapo ndipo aliposhika spana.

Gasketi haikuwa ya dukani.
Ilikuwa karatasi gumu, limekatwa kwa wembe
na mkono usio na haraka, matundu manne, sawasawa.
Akaifuta kwa petroli. Zikajitokeza tarakimu:
saba mara sita, arobaini na mbili,
saba mara saba, arobaini na tisa,
saba mara nane, kisha pameungua,
pale pale hewa ilipokuwa inapita.

Darasa la tano. Mwalimu Sechonge
alinitandika viboko vinne
kwa daftari la Hisabati lisilo na jalada la nyuma.
Baba alisema ni panya.
Alinunua hata sumu.

Miaka ishirini na sita panya yule amekaa humu,
amebana hewa, ametupeleka mnadani,
ametupeleka hospitali ya mkoa usiku wa manane,
na Januari akambeba baba mwenyewe
kwenda kuzikwa.

Chipanha akachonga mpya kwa nyundo ndogo,
kidogo kidogo, pembeni ya bati.
Waya mpya. Springi akaibadilisha pia, bila kuniuliza,
tukabishana bei, akakubali kreti moja na nusu.

Sasa nikikanyaga inapanda, nikiachia inarudi
na mguu wangu, haiubakizi nyuma.
Ikakaa. Tu-tu-tu-tu, hata glasi ya chai
aliyoiweka juu ya betri haikumwagika.

"Hii nitupe?" Yoeli akaniuliza,
gasketi ile ikining'inia kidoleni mwake kama pete kubwa.
Nikaipokea, nikaisoma tena kutoka juu.
Saba mara nane.
Mpaka leo, hapo nakwama.